Muulize Fundi: Akiba Yako na Raifali ya Mitutu Miwili

Safu ya leo nimeiachia raifali za mitutu miwili, kwa sababu barua zilizonifikia ni nyingi na karibu zote zinauliza habari ya pesa. Kwa msomaji asiyezijua: ni bunduki ya risasi yenye mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu, kila mtutu una mtambo wake na kifyatulio chake, kwa hiyo ni bunduki mbili kwenye kitako kimoja. Iliundwa kwa ajili ya mtu aliyesimama hatua chache kutoka kwa nyati au tembo, anayehitaji risasi ya pili papo hapo bila mkono kusogea. Maisha yangu ya kazi nimeyatumia kwenye benchi nikizifungua, nikizisafisha na kuzikagua kwa niaba ya wanunuzi, nami nazipenda sana. Ndiyo maana majibu yangu mengine yatawaudhi wauzaji.

*Shikamoo Fundi. Nimestaafu na nina akiba ambayo sitaki ilale benki. Rafiki yangu ananishawishi ninunue raifali ya Kiingereza ya mitutu miwili, niihifadhi miaka 20, kisha watoto waiuze. Anasema bei zake hazijawahi kushuka wala hazitashuka, kwa kuwa hazitengenezwi tena. Unanishauri nini? – Mstaafu*

Marahaba, ndugu yangu. Rafiki yako anazipenda bunduki hizi, na hapo tuko pamoja naye. Ila hayo mawili aliyokuambia hayana ukweli, na ukiyajengea uzee wako utaumia.

Kwanza, zinatengenezwa mpaka leo. Watengenezaji wa Kiingereza, Holland & Holland, Westley Richards, Purdey na Rigby, wote wanapokea oda; ukiwa na fedha na subira utatengenezewa yako, kwa kipimo cha bega lako. Heym na Krieghoff za Ujerumani na Chapuis ya Ufaransa nazo zinatengeneza, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya London. Hata ukisikia kwamba fulani ni "ya mwisho", sikiliza kwa makini. Holland & Holland waliwahi kutoa raifali ya kaliba (yaani ukubwa wa risasi) .600 Nitro Express, jina la jamii ya risasi kubwa za baruti ya kisasa, iliyotajwa kuwa ya mwisho ya kaliba hiyo. Mteja mmoja wa Marekani akataka mpya, wakamkatalia kwa sababu ya ahadi hiyo. Matokeo yake mwaka 1988 ikazaliwa kaliba kubwa zaidi, .700 Nitro Express, yenye kichwa cha risasi cha greni 1,000 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Baada ya muda hata zile .600 zikarudi kutengenezwa. Kampuni zile hazikufanya ubaya wowote, zinaishi kwa kutengeneza bunduki. Lakini anayenunua kwa kuamini kwamba mlango umefungwa milele anapaswa kujua kwamba ufunguo uko kwa mwenye kiwanda.

Pili, bei zimewahi kuanguka, na ukijua sababu utaielewa biashara hii kuliko wengi wanaoifanya. Kwa miongo mingi risasi za bunduki hizi zilitoka hasa kwa mtengenezaji mmoja wa Uingereza, Kynoch. Baada ya vita vya pili vya dunia wateja walipungua. India ilipata uhuru mwaka 1947 na enzi ya uwindaji wa maharaja ikaanza kufifia. Afrika nako wawindaji walihamia kwenye raifali za mtutu mmoja zenye magazini, ambazo ni nafuu, hasa baada ya Winchester kutoa .458 mwaka 1956. Miaka ya 1960 Kynoch wakaanza kuacha kaliba moja baada ya nyingine. Raifali iliyokosa risasi ikawa pambo, hata iwe imechorwa nakshi na fundi bora kuliko wote. Watu waliziuza kwa bei ambayo leo mtoza vitu vya kale akiisikia anashika kichwa.

Kilichozirudisha juu ni risasi. Wamarekani walianza kutengeneza maganda mapya, baadaye Federal ikaanza kuuza .470 iliyo tayari kupigwa, Hornady ikafuata na kaliba kadhaa, na huko Uingereza jina la Kynoch likafufuliwa katika miaka ya 1990. Kaliba iliyopata risasi dukani bei yake ilipona, na ile ambayo bado inamlazimu mwenyewe kutengenezewa maganda maalumu ilibaki nyuma. Basi ukitaka kujua kama bunduki fulani itauzika miaka 20 ijayo, jiulize kwanza kama kuna mtu atakayekuwa anatengeneza risasi zake.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Chukua mfano wa raifali iliyogongewa nyundo mnadani Uingereza kwa pauni 20,000. Nyumba ya mnada humtoza mnunuzi ada juu ya bei hiyo, na ada inaweza kufikia robo nzima; tena juu ya ada yenyewe kuna kodi ya ongezeko la thamani. Kodi tuiache. Umeshatoa 25,000. Miaka 20 baadaye watoto wanaipeleka mnadani, nyundo inagonga 40,000, na kila mtu anasema bei imekuwa maradufu. Muuzaji naye hukatwa kamisheni. Tuseme asilimia 15. Mkononi zinabaki 34,000. Kutoka 25,000 hadi 34,000 kwa miaka 20 ni ongezeko la takriban asilimia moja na nusu kwa mwaka. Toa bima, tuseme pauni 150 kila mwaka, jumla 3,000, na unakaribia asilimia moja. Hapo hujagusa kabati la chuma, ada za leseni wala malipo ya fundi. Na mfumuko wa bei hausubiri mtu. Bunduki iliyopanda bei maradufu inaweza kabisa kukuacha ukiwa na uwezo mdogo wa kununua kuliko ulioanza nao.

Kuna na hili la watoto. Raifali hairithiwi kama kiti. Siku utakayofariki, mtoto asiye na leseni haruhusiwi hata kuibeba kuitoa nyumbani, na katika nchi nyingi ataipeleka kwa muuzaji mwenye kibali au polisi huku muda uliowekwa na sheria ukimbana. Mtu anayeuza kwa kubanwa hauzi kwa bei nzuri. Kama hakuna hata mmoja kati ya wanao aliyewahi kuulizia bunduki hizi, usiwaachie mzigo huo.

Ushauri wangu kwako: akiba ya kula na kutibiwa iache mbali na mitutu. Ikibaki ziada ambayo ukiipoteza hutakosa usingizi, na moyo wako umezipenda kweli, nunua moja. Moja nzuri kabisa, yenye vyuma vyake vya asili, ni bora kuliko tatu za bei nafuu, kwa sababu bei ya zile za kawaida inabanwa na hizo mpya za Ujerumani na Ufaransa: anayetaka chombo cha kuwindia ataenda huko. Anayelipa zaidi kwa bunduki ya kale anataka kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa upya, yaani ule utimilifu wake wa asili.

*Shikamoo Fundi. Marehemu baba ameniachia raifali ya Rigby, .450 Nitro Express, pamoja na sanduku lake la ngozi. Leseni nimeshaishughulikia. Rangi ya mitutu imefifia, nakshi zimelika, na ndani ya mtutu wa kushoto kuna vidoa vya kutu. Jirani mwenye karakana ameahidi kuing'arisha yote, kuipaka rangi upya na kuzichora tena nakshi ili iuzwe kwa bei nzuri. Nimpe? – Binti Mrithi*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba. Usimpe. Nakuomba sana, usimpe hata kwa siku moja.

Mtu wa kawaida huona rangi iliyofifia akadhani ni uchafu. Mnunuzi makini huiangalia rangi hiyohiyo na kuona kwamba hakuna mkono uliowahi kukwaruza chuma hicho tangu kilipotoka kwa Rigby. Karatasi ya msasa ikipita juu yake, kingo za chuma zinalegea, herufi zinapoteza ncha, matundu ya skrubu yanapanuka, na hakuna njia ya kurudisha. Rangi mpya juu ya chuma kilicholika ni tangazo kwa mnunuzi kwamba kuna kitu kimefichwa. Nimewahi kushika bunduki mbili za mtengenezaji mmoja, kaliba moja, zilizokaribiana namba. Iliyong'aa zaidi ndiyo iliyokuwa na thamani ndogo, na tofauti haikuwa ya kubishania.

Kaliba hiyo ya baba yako ina heshima yake. Rigby ndiye aliyeileta .450 Nitro Express mwaka 1898, baada ya baruti mpya ya kordaiti kuchukua nafasi ya baruti nyeusi, na ndiyo iliyofungua ukurasa wa raifali kubwa za kisasa. Kwa hiyo fanya mambo haya kwa utulivu.

Tenganisha mitutu na kitako, au mwombe anayejua akufanyie, usome mihuri iliyo chini ya mitutu. Uingereza ina nyumba mbili za majaribio ya bunduki: ya London, chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati mwaka 1637, na ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813. Kila mtutu hupigwa risasi nzito ya majaribio huko kabla ya kuuzwa, kisha hugongwa muhuri. Ya kwako huenda ikawa na maandishi ya kordaiti yenye 70 na 480, yaani greni 70 za kordaiti na kichwa cha greni 480. Ukikuta mihuri ya miaka tofauti, kuna mtu aliyeifanyia kazi mitutu hiyo baadaye, na ni lazima ujue ni kazi gani. Kumbuka pia kwamba huko Uingereza ni kosa la jinai kuuza bunduki ambayo imepoteza ithibati yake ya majaribio.

Kisha waandikie Rigby wenyewe ukiwapa namba ya bunduki. Kampuni hizi za zamani zina madaftari yanayoonyesha bunduki iliuzwa lini, kwa nani, ya kaliba gani na ya urefu gani wa mitutu, nazo hutoa barua kwa malipo. Barua hiyo ikilingana na bunduki iliyo mkononi mwako, umeiongezea thamani kuliko ambavyo jirani yako angeweza kwa mwaka mzima. Isipolingana, afadhali uyajue wewe kabla ya mnunuzi.

Vidoa vya kutu ndani ya mtutu wa kushoto havinishangazi. Risasi za zamani zilikuwa na fataki (kile kinachowasha baruti) zenye chumvi ndani yake. Baada ya kupiga, chumvi ilibaki kwenye mifuo ya mtutu (mikato ya ndani inayoizungusha risasi) na kuvuta unyevu wa hewa. Mwindaji aliyelala bila kusafisha alikuta kutu asubuhi. Kama kingo za mifuo bado ni kali, vidoa hivyo hupunguza bei bila kuiua. Kama mifuo imelika ikawa laini, hilo ni tatizo la kweli. Mkaguzi atakuambia kwa kutumia taa na kipimo, si kwa macho tu.

Akague pia mambo mawili ambayo ndiyo roho ya bunduki hizi. La kwanza ni kubana kwa mitutu kwenye mtambo. Ubao wa mbele ukiondolewa na kitako kikatikiswa taratibu, kusisikike mchezo wowote kwenye bawaba. Ukionekana mwanga kati ya mitutu na ukuta wa mtambo, bawaba imelika. Hurekebishika, kwa fundi anayejua. La pili ni mbavu za chuma zinazoiunganisha mitutu, ambazo zimeshikwa kwa lehemu. Mitutu ikining'inizwa na kugongwa kwa ukucha inapaswa kulia kama kengele. Ikitoa sauti ya kufa, lehemu imeachia mahali.

Hilo la lehemu nalieleza kidogo, kwa kuwa ndilo linalofanya raifali hizi zisiwe bunduki za kawaida. Mtutu wa kulia ukipigwa, bunduki nzima hurushwa juu na kulia. Wa kushoto, juu na kushoto. Ukiifunga mitutu sambamba kabisa, risasi zitaachana. Kwa hiyo fundi huielekeza ikaribiane mbele, anapiga, anatazama shabaha, anapasha moto lehemu, anasogeza kabari ndogo iliyo kati ya midomo ya mitutu, anapiga tena, mpaka risasi za pande zote mbili zianguke pamoja. Kazi hiyo hufanywa kwa risasi ya uzito mmoja na mwendo mmoja tu. Mtu aliyepasha moto mitutu hiyo ili kuipaka rangi, bila kujua, anaweza kuivuruga kazi ya siku nyingi. Sasa unaona kwa nini nimekuomba usimpe jirani.

Na kabla haijakaguliwa usikubali mtu yeyote aipige "kuijaribu", hasa kwa risasi za siku hizi zenye vichwa vya shaba tupu au shaba ya njano. Vichwa hivyo ni vigumu, mitutu ya zamani ina kuta nyembamba karibu na mdomo, na nimeona mitutu ambayo mifuo ya ndani imejichora nje kwenye chuma. Hapo thamani imekwenda, haina kurudi.

Usilitupe sanduku la ngozi, hata likiwa limechanika. Lebo ya karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko ni sehemu ya bei.

*Habari za kazi, Fundi. Mimi ni kijana, nimeanza kukusanya, na uwezo wangu hauvuki raifali yenye mtambo wa sanduku; zile zenye mtambo wa ubavuni siziwezi. Je, ninunue tu hizo za chini au nisubiri? Na kaliba gani itanitunzia pesa? – Anayeanza*

Njema, mwanangu. Ondoa hilo neno "za chini". Mtambo wa sanduku, ambao vyuma vya kufyatulia vimo ndani ya mwili wa bunduki badala ya kwenye bamba za ubavuni, ulibuniwa na Anson na Deeley mwaka 1875 wakiwa Westley Richards, na kwa bunduki ya kazi nzito una faida yake: vyuma ni vichache na mbao ya kitako huchongwa kidogo, kwa hiyo hubaki na nguvu. Mwaka 1897 Westley Richards wakapata hataza ya mtambo unaochomolewa kwa mkono kutoka chini, bila bisibisi. Raifali zao za aina hiyo wakusanyaji wanazigombania, na hakuna anayezihesabu kuwa za daraja la pili.

Tatizo la mitambo ya sanduku liko kwingine. Nyingi zilitengenezwa na karakana za Birmingham kwa ajili ya wauzaji wengine, kisha zikagongwa jina la duka la London. Zile zilizouzwa na duka la Army & Navy ni mfano unaojulikana. Ni bunduki imara sana kwa mwindaji, ila jina lililo juu yake halikufikishi kwenye daftari lolote la fundi aliyeitengeneza, na soko hulipa jina pamoja na kumbukumbu. Usilipe bei ya mtengenezaji kwa bunduki ya duka.

Upande wa kaliba: .470 Nitro Express, bila kusita. Sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza ilipiga marufuku raifali za kaliba .450 India na Sudan, ikihofia kwamba risasi zake zingewafaa waasi waliokuwa na bunduki za kijeshi za Martini-Henry, ambazo nazo ni za kaliba hiyo. Kila mtengenezaji akakimbilia kubuni mbadala: Holland wakatoa .500/465, wengine .475, wengine .476. Joseph Lang akatoa .470, yenye kichwa cha greni 500, na kwa kuwa hakuifungia kampuni yake, mafundi wengine wote waliikumbatia. Ndiyo maana leo .470 ni nyingi, zinatengenezwa mpya, na risasi zake zinapatikana. Kitu kilicho kingi na kinachotafutwa huuzika haraka, na kuuzika haraka ni sehemu ya thamani. Baada yake ningekuelekeza kwenye .450/400, ambayo haimpigi mtu bega kupita kiasi, kisha .500 Nitro Express.

Kaa mbali na .475 No. 2 mpaka umekomaa. Kuna ya kawaida na kuna ya Jeffery, vipenyo vya vichwa vyake havilingani, na anayechanganya anaharibu mitutu au anajiumiza. Pia jihadhari na raifali za baruti nyeusi za .450 na .500 zenye majina yanayokaribiana na hizi. Ganda la kisasa linaweza kuingia kwenye chemba ya baadhi yake, na mtutu ule haukutengenezwa kwa shinikizo la kordaiti. Soma mihuri kila mara, hata muuzaji akiwa rafiki yako.

Ukipata mbili zinazolingana kila kitu, chukua ile inayotupa maganda yenyewe. Kuna wawindaji wa zamani waliopenda zisizotupa, kwa kuwa ni kimya zaidi mnyama akiwa karibu, lakini soko halikuwafuata.

*Fundi, muuzaji anadai raifali yake ilikuwa ya mwindaji maarufu wa Afrika Mashariki, na jina limechorwa kwenye bamba la kitako. Anataka mara mbili ya bei ya kawaida. Ana haki? – Mwenye Shaka*

Anaweza kuwa na haki, akiwa na karatasi. Mwaka 2010 bunduki ya marisau ya A. H. Fox aliyoichukua Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, katika safari yake ya Afrika Mashariki ya 1909 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500. Bunduki kama hiyo isiyo na Roosevelt haisogelei hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Raifali yake ya Holland & Holland ya mitutu miwili, aliyozawadiwa na Waingereza kwa safari hiyohiyo, nayo inathaminiwa kwa namna hiyo. Mwaka 2011 iliuzwa Westley Richards ya .577 iliyokuwa ya mwandishi Ernest Hemingway, na mnunuzi hakuwa akilipia chuma peke yake.

Lakini angalia kilichoziunga mkono: barua za wakati huo, picha, madaftari ya kiwanda, mnyororo wa wamiliki usiokatika. Jina kwenye bamba linaweza kuchorwa leo mchana. Mwombe muuzaji barua ya mtengenezaji. Ikiwa daftari linamtaja mnunuzi wa kwanza mwingine, aonyeshe bunduki ilimfikiaje huyo maarufu. Akikuambia "kila mtu anajua", lipa bei ya bunduki na hadithi mwachie. Wawindaji wengi wa kulipwa walikuwa na bunduki za kawaida zilizochakaa kweli kweli, kwa hiyo bunduki inayong'aa yenye jina kubwa ingekutia shaka zaidi.

*Raifali niliyonunua ina kijidoa cheupe kwenye alama ya mbele ya kulengea. Nimeambiwa ni pembe ya ndovu na kwamba kinaweza kunizuia kuuza. Kitu kidogo hivyo?*

Ndiyo, kitu kidogo hivyo. Nyingi za zamani zilikuwa na kijidoa cha pembe ili kionekane jioni, wakati mwingine cha ndovu, wakati mwingine cha ngiri. Uingereza ilianza kutekeleza sheria yake ya pembe za ndovu ya 2018 mnamo Juni 2022. Vitu vya kabla ya 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo vinaweza kuuzwa, lakini ni lazima visajiliwe kwanza. Na kuvuka mipaka kuna taratibu za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, juu yake, mbali na vibali vya silaha yenyewe. Mpe mtaalamu akitambue kijidoa hicho na akuandikie. Usikichomoe mwenyewe kwa haraka: kikiwa cha ngiri utakuwa umeharibu kitu halali.

*Niihifadhi vipi, Fundi? Ninayo kwenye sanduku lake zuri la ngozi ndani ya kabati la chuma.*

Itoe kwenye sanduku leo. Ngozi na kitambaa cha ndani hushika unyevu, na nimefungua masanduku mazuri nikakuta alama ya kutu yenye umbo lilelile la kitambaa. Sanduku likae pembeni, likiwa wazi. Bunduki isimame kabatini mdomo ukiangalia chini juu ya kipande cha sponji, ili mafuta yasishuke taratibu kwenye mbao ya mjozi nyuma ya mtambo na kuilainisha. Mafuta yawe membamba, yapakwe kwa kitambaa, na vidole visiguse chuma baadaye. Weka vifuko vya kukausha hewa na uvibadilishe vinapolowa. Springi zipumzike: hakikisha mitutu yote miwili haina kitu, kisha ilegeze mitambo kwa kufyatua ukiwa umeweka risasi bandia chembani, usiifyatue ikiwa tupu. Mara moja kwa mwaka mpelekee fundi mwenye leseni aikague bila kuifungua, na umwombe aandike alichokiona, pamoja na tarehe. Karatasi hizo ziweke pamoja na barua ya kiwanda.